Throtobodi ni Lango la Hewa

Dereva wa pikapu anayepanda kutoka Miruka kuelekea mji wa Nyamira na mzigo wa ndizi huhimizwa kwa maneno mawili na aliyeketi kando yake: kanyaga mafuta! Kwa injini ya dizeli maneno hayo ni ya kweli kabisa. Kwa injini ya petroli si kweli, na uongo uliomo humgharimu mwenye gari fedha, kwa kuwa humfanya akimbilie kununua pampu ya mafuta wakati kilichougua ni kifaa kisichopitisha mafuta hata tone.

Ukikanyaga pedali ya Hilux au Nissan Hardbody ya petroli iliyoachana na kabureta, unachofungua ni njia ya hewa. Kati ya chujio la hewa na manifoldi inayoigawia hewa kila silinda kuna bomba fupi la aluminiamu, kipenyo chake sentimita tano au sita hivi, na ndani yake kuna sahani ya duara iliyofungwa kwenye shafti. Shafti ikizunguka sahani nayo hugeuka, na hewa hupita kwa wingi au kwa uchache. Kompyuta ya injini hupima hewa iliyoingia, kisha huziamuru nozeli zinyunyize petroli ya kulingana nayo, takriban sehemu moja ya petroli kwa sehemu 14.7 za hewa kwa uzito. Mguu wa dereva huomba hewa, na mafuta hufuata.

Bomba hilo na sahani yake ndiyo throtobodi, au throto kwa mkato wa gereji. Silidharau jina hili. Fundi wa Keroka na muuza vipuri wa Kisii huelewana kwalo papo hapo. Anayeachwa nje ni mwenye gari, naye ndiye anayelipa. Kwake bodi ni mabati yanayonyooshwa na kupigwa rangi, na throto haimwambii lolote.

Njia ya kwanza ya kumtafutia jina ni kufuata mzizi. Throto ina undugu na neno la Kiingereza la koo, na yenyewe ikitumika kama kitenzi maana yake ni kukaba. James Watt alipoifungia injini ya mvuke kidhibiti mwendo mwaka 1788, kidhibiti hicho kiliendesha vali ya namna hii, iliyoukaba mvuke ili injini isikimbie kupita kiasi. Kiswahili kina kaba na kina kabali, kwa hiyo kikabahewa lingeundika bila taabu yoyote. Mimi nalikataa kwa sababu ya kabureta. Kabureta ya gari huwa na vipepeo viwili. Cha juu ni choki, kinachofungwa asubuhi ya baridi ili mchanganyiko uwe na petroli nyingi na injini iwake. Cha chini ndicho throto. Anayekaba hasa ni choki, maana kazi yake nzima ni kuinyima injini hewa kwa muda. Tukimpa throto neno hilo, choki itabaki bila jina la Kiswahili, na pikipiki za bodaboda zenye kabureta zingali zikivutwa choki kila kukipambazuka katika baridi ya Manga.

Napendekeza lango la hewa. Lango hufunguliwa na kufungwa kwa amri ya mwenyewe, na jina linataja waziwazi kinachopita. Sahani iitwe kipepeo, kwa kuwa mtu akiiona imekunjua mbawa mbili kutoka kwenye shafti hahitaji maelezo zaidi. Kifaa kinachoiarifu kompyuta kipepeo kimefunguka kiasi gani kiwe kihisi cha kipepeo. Mafundi wengi husema sensa, neno ambalo tayari lina kazi ya kuhesabu watu.

Jina la lango la hewa linafaa hata kwa dizeli, na huo ndio mtihani wake mgumu zaidi. Pikapu za dizeli za miaka ya karibuni nazo zina bomba lenye kipepeo, lakini halitawali nguvu ya injini. Kipepeo hujifunga kiasi ili sehemu ya moshi irudi ndani ya injini, na katika injini nyingi hujifunga kabisa funguo inapozimwa ili injini itulie bila kutikisika. Pedali ya dizeli huomba mafuta kwelikweli. Mwenye D-Max iliyopoteza nguvu mlimani na aanze na chujio la dizeli, nozeli na tabo (turbo) kabla ya kulishuku lango. Jina ambalo lingelitaja kuwa kiongoza mwendo lingempotosha. Lango la hewa linabaki sahihi kwenye injini zote mbili.

Na Nyamira hewa ina mambo yake. Sehemu kubwa ya kaunti iko kati ya mita 1,500 na 2,100 juu ya usawa wa bahari. Ukifika mita 2,000, shinikizo la hewa ni pungufu kuliko la Mombasa kwa takriban asilimia 20, na injini ya petroli isiyo na tabo hupoteza nguvu kwa kadiri hiyo hiyo hata lango likiwa wazi kabisa. Injini inaponguruma bila kukanyagwa, kipepeo hulazimika kufunguka kidogo zaidi kuliko kingefunguka pwani ili uzito ule ule wa hewa upite. Dereva aliyenunua pikapu pwani akaileta huku hudhani ameuziwa gari gonjwa. Huo si ugonjwa, na hakuna dawa ya kusafishia itakayouondoa.

Ugonjwa wenyewe ni utando mweusi. Mvuke wa oili unaopanda kutoka tumbo la injini hurudishwa kwenye njia ya hewa ukachomwe badala ya kuachwa utoke nje. Ukichanganyika na vumbi la murram lililoponyoka chujio, hunata kwenye ukingo wa kipepeo na nyuma yake. Injini isipokanyagwa, mwanya unaobaki kati ya kipepeo na ukuta wa bomba ni mwembamba mno, na utando kidogo unatosha kuuziba. Gari huzima kwenye makutano dereva anapoachia pedali, au hutetema likisubiri kizuizi cha polisi, lakini likikanyagwa linakwenda vizuri. Dalili hiyo ya mwisho ina thamani kubwa kuliko zote. Pampu iliyochoka hulemewa mlimani, injini inapodai petroli nyingi. Lango chafu hulemewa likiwa karibu kufungwa. Kwa hiyo swali la kumuuliza mwenye gari ni hili: linasumbua likiwa na mzigo, au likiwa limesimama?

Jibu likielekea kwenye lango, lango lenyewe lisifunguliwe kwanza. Anza na hosi pana inayotoka kwenye chujio, uikunje kwa mkono na kutazama mikunjo yake, kwa sababu mpira uliozeeka hupasuka mahali pasipoonekana. Hewa inayoingilia kwenye ufa baada ya kipimo cha hewa haihesabiwi na kompyuta, na injini hutetema vilevile. Hosi ndogo zinazotoka kwenye manifoldi nazo zina kasoro hiyo. Kisha soma makosa kwa mashine. P0505 inahusu mfumo wa kuongoza mngurumo gari likiwa limetulia, P0121 ni kihisi cha kipepeo kisichoaminika, P2111 ni kipepeo kilichokwama kikiwa wazi, P2135 ni vihisi viwili vinavyotofautiana. Namba hizo ni malalamiko ya kompyuta, wala si hukumu. Soketi iliyoingia maji au waya wa athi uliolegea huleta malalamiko yale yale, na waya hurekebishwa kwa bei isiyofanana hata kidogo na ya lango jipya. Katika gari la kebo, yaani lile ambalo pedali huvuta kipepeo kwa kebo, kihisi hupewa umeme wa volti 5 na kurudisha takriban 0.5 kipepeo kikiwa kimefungwa, hadi 4.5 hivi kikiwa wazi. Zungusha kipepeo polepole huku ukitazama mita: volti zipande bila kuruka. Zikidondoka ghafla katikati, kihisi kimelika.

Kusafisha ni kazi ya uangalifu kuliko nguvu. Injini izimwe na ipoe, na waya hasi wa betri utolewe. Dawa iwe ile iliyotengenezwa kwa lango, inyunyiziwe kitambaani, kisha ukingo na nyuma ya kipepeo visuguliwe taratibu. Msasa hauna nafasi hapa, kwani malango mengi yamepakwa utando wa kiwandani ambao ukishakwanguliwa haurudi. Gari la kebo linakuruhusu kukifungua kipepeo kwa mkono. Lile la umeme, ambalo kipepeo chake huzungushwa na mota ndogo kupitia gia ambazo mara nyingi ni za plastiki, halitaki kulazimishwa kwa kidole.

Halafu hutokea jambo linalozua ugomvi gereji: gari lililosafishwa linanguruma juu kuliko lilipoletwa. Kompyuta ilikuwa imezoea kufungua kipepeo zaidi ili kufidia uchafu, na sasa uchafu haupo. Nissan nyingi huhitaji kufundishwa upya, injini ikiwa moto na taa na feni zikiwa zimezimwa, kwa mashine au kwa utaratibu wa funguo na pedali uliomo katika kitabu cha ufundi cha gari. Toyota nyingi hujirekebisha zenyewe baada ya kuachwa zingurume na kuendeshwa kidogo. Fundi amweleze mwenye gari haya kabla ya kufungua hosi, na asishawishike kuushusha mngurumo kwa kuigeuza ile skrubu ndogo ya kikomo iliyo kando ya shafti. Skrubu hiyo hupangwa kiwandani, na ikishageuzwa kompyuta haina tena pa kuanzia kuhesabu.