Chukua Kanda Moja, Rudisha Mbili

Jumatano usiku, tarehe 5 Machi 1975, mvua ilikuwa ikinyesha Menlo Park, mji mdogo wa California kusini mwa San Francisco. Katika gereji ya nyumba ya mhandisi Gordon French walikusanyika watu 32. Wengi hawakuwa wakijuana. Waliitwa na tangazo lililosambazwa siku chache kabla, likimwuliza msomaji kama anajitengenezea kompyuta yake mwenyewe, na kama ni hivyo, basi aje akutane na wenzake wenye hamu kama yake.

Juu ya meza palikuwa na sanduku la bati lenye taa na swichi usoni. Jina lake Altair 8800. Jarida la Popular Electronics lilikuwa limeiweka kwenye jalada la toleo la Januari mwaka ule, na kampuni iliyoitengeneza, MITS ya Albuquerque, ikawa inaiuza kwa vipande, mnunuzi ajiunganishie mwenyewe, kwa bei isiyofika dola 400. Wakati huo kompyuta ilikuwa mali ya benki, serikali na vyuo vikuu. Fundi wa kawaida kuweza kuinunua kwa mshahara wake lilikuwa jambo ambalo watu hawakuwahi kuliota.

Lakini tuseme ukweli wa sanduku lile. Halikuwa na kibodi, halikuwa na kioo. Kumbukumbu yake ilikuwa baiti 256, ambazo hazitoshi hata kuhifadhi aya moja ya makala haya. Aliyetaka kulipatia kazi alipanga swichi nane, hii juu, hii chini, akabonyeza ili namba iingie, kisha akapanga tena nane nyingine. Akikosea moja katikati, programu nzima imeharibika. Jibu nalo lilikuja kwa taa ndogo kuwaka na kuzimika. Mashine ilikuwa na masikio bila lugha, na karibu kila kilichotokea katika kundi lile miaka miwili iliyofuata kilitokana na njaa hiyo ya lugha.

Aliyeanzisha mkutano pamoja na French aliitwa Fred Moore, na hakuwa mtu wa mitambo. Alikuwa mwanaharakati wa amani. Mwaka 1959, akiwa mwanafunzi mpya katika Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, alikaa kwenye ngazi za jengo la utawala akifunga kula, kupinga mafunzo ya lazima ya kijeshi. Alichokipenda katika kompyuta kilikuwa uwezo wake wa kutunza majina: nani anajua nini, nani anahitaji nini, ili wahusika wakutanishwe. Alitembea na kadi zake za majina miaka mingi kabla hajapata mashine ya kuziwekea. Kwa hiyo usiku ule katika gereji, wengine wakiitazama Altair, Moore alikuwa akiandika watu. Siku kumi baadaye alitoa kijarida cha kwanza cha kundi, kikitaja waliohudhuria na mambo yanayowavutia. Kati ya wale 32, sita walikuwa tayari wamejiundia kompyuta ya aina fulani.

Wakajiita Homebrew Computer Club. Walikubaliana kukutana kila baada ya wiki mbili, na mwisho wa kikao hicho cha kwanza Marty Spergel, mfanyabiashara wa vipuri, aliinua juu chipu ya Intel 8008, akauliza nani ana kazi nayo, akaigawa bure. Nadhani klabu ilizaliwa pale. Katiba yao iliandikwa kwa kitendo hicho kabla ya neno lolote.

Kikao cha 16 Aprili kilifanyika katika shule moja mjini humo humo. Mwanaklabu Steve Dompier, ambaye alikuwa ameshafunga safari hadi Albuquerque kufuatilia mashine aliyoilipia, alifika na Altair yake na redio ndogo. Akapiga magoti sakafuni, akaanza kupanga swichi. Ilichukua muda mrefu. Katikati ya kazi mtu alijikwaa kwenye waya wa umeme, mashine ikazimika, na kwa kuwa kumbukumbu yake ilifutika kila umeme ulipokatika, Dompier alianza tena tangu swichi ya kwanza. Hakuna aliyeondoka. Alipomaliza aliiweka redio juu ya sanduku, na redio ikaimba wimbo wa Beatles.

Altair haikuwa na spika. Dompier alikuwa amegundua, kwa bahati, kwamba redio iliyokuwa karibu nayo hukoroma mashine inapofanya kazi, kwa sababu saketi za mashine zilivuja mawimbi. Akafuatilia ni maagizo gani yanatoa mlio gani, akapanga programu ambayo kazi yake pekee ni kukoroma kwa mpangilio. Waliokuwapo walisimama wakampigia makofi kwa nguvu. Watu wazima, wahandisi wenye kazi zao, wakishangilia kasoro ya mashine. Ukitaka kujua kwa nini watu huacha familia na chakula cha jioni kwenda kusikiliza mtu mwingine akieleza programu yake, hapo ndipo pa kuanzia. Yule anayeonyesha hana cheo kuliko wewe. Amefika tu mahali ambapo wewe hujafika, na yuko tayari kukwambia njia aliyopita.

Lugha waliyoitamani ilikuwa na miaka 11 tayari. Maprofesa John Kemeny na Thomas Kurtz wa chuo cha Dartmouth waliiendesha kwa mara ya kwanza tarehe 1 Mei 1964 na kuiita BASIC. Waliiunda kwa ajili ya wanafunzi wa fani zote, pamoja na wasiosoma hisabati, ili mtu aandike maagizo kwa maneno mafupi ya kawaida na apate jibu hapo hapo. Ilikuwa inafanya kazi kwenye mashine kubwa zilizojaza chumba. Swali lilikuwa kama itaweza kubanwa ikaingia katika sanduku la bati.

Vijana wawili walijibu. Bill Gates na Paul Allen, wakisaidiwa na mwanafunzi Monte Davidoff aliyeandika sehemu ya hesabu za desimali, walitengeneza BASIC ya Altair kwenye kompyuta ya Harvard bila kuwa na Altair yoyote mbele yao. Allen aliruka hadi Albuquerque na kanda ya karatasi yenye matundu, akaisomesha kwenye mashine asiyopata kuigusa, akauliza jumla ya mbili na mbili. Ikachapa nne. Kwa yeyote aliyewahi kuandika programu, jambo hilo ni la kuvulia kofia. Kuandika maelfu ya maagizo kwa kubahatisha tabia ya mashine usiyoiona, kisha yakatembea siku ya kwanza, si kazi ya mchezo.

MITS ikaamua bei. Mnunuzi wa mbao zao za kumbukumbu, yaani bodi za kuiongezea mashine kumbukumbu, angepata BASIC kwa chini ya dola 100. Asiyenunua mbao hizo alipe dola 500, zaidi ya bei ya kompyuta yenyewe. Tatizo ni kwamba mbao za kumbukumbu za MITS zilikuwa na sifa mbaya ya kutofanya kazi. Huko Berkeley mwanachama wa klabu, Bob Marsh, alianzisha kampuni yake, Processor Technology, akauza mbao zilizofanya kazi. Watu wakanunua za Marsh, na hivyo wakajikuta upande wa dola 500. Wengine walikuwa wamekwisha kulipia BASIC na bado wanaisubiri.

Juni 1975 gari la maonyesho la MITS lilisimama katika hoteli ya Rickeys Hyatt House, Palo Alto. Wanaklabu walifurika. Altair ilikuwa inaendesha BASIC mbele ya macho yao, na kando yake ilikuwapo kanda ya karatasi. Mtu aliiokota. Kanda ikafika kwa Dan Sokol, mhandisi ambaye kazini kwake kulikuwa na mashine ya kutoboa kanda kwa kasi. Kikao kilichofuata Sokol aliingia na boksi la nakala, akazigawa kwa sharti moja: achukuaye kanda moja, arudi na mbili.

Sitaki kulipita jambo hili haraka, maana linazungumzwa mno kama hadithi ya wezi, au la, hadithi ya mashujaa. Kwa watu wa chumba kile, programu ilikuwa sawa na chipu ya Spergel au ufundi wa Dompier: kitu unachokileta, kikazunguka, kikarudi kikiwa kimeongezeka. Sharti la Sokol ni moyo wa kugawana wa Fred Moore uliotafsiriwa kwa karatasi yenye matundu. Lakini Spergel aligawa chipu yake mwenyewe. Kanda ya Sokol ilikuwa jasho la mtu asiyekuwapo kukubali wala kukataa.

Mtu huyo alisema alichokuwa nacho moyoni tarehe 3 Februari 1976, akiwa na umri wa miaka 20. Barua ya wazi ya Gates kwa wapenzi wa kompyuta ilichapishwa katika vijarida vya vilabu vingi, cha Homebrew kikiwamo. Alisema muda wa kompyuta waliotumia kuiunda BASIC ulikuwa na thamani ya zaidi ya dola 40,000; kwamba wanaoitumia wanaisifu, lakini chini ya asilimia 10 ya wenye Altair ndio walioinunua; kwamba akipiga hesabu, malipo yao hayafiki dola 2 kwa saa. Akauliza nani atakubali kufanya kazi ya kitaalamu bure. Aliita tendo lile wizi, bila kumung'unya maneno.

Wengi walikasirika. Jibu lenye uzito zaidi, hata hivyo, lilikuwa limeanza kuandikwa kabla ya barua yenyewe, na liliandikwa kwa vitendo. Mjini humo humo Menlo Park, Bob Albrecht, mwalimu aliyetaka watoto wacheze na kompyuta, alikuwa akitoa gazeti liitwalo People's Computer Company. Alimwomba rafiki yake Dennis Allison, aliyefundisha Stanford, atunge ramani ya BASIC ndogo: namba nzima tu, herufi 26 za kutajia thamani, maagizo machache yanayoweza kuenea katika kumbukumbu haba. Allison hakutoa programu iliyokamilika. Alitoa maelezo ya jinsi ya kuijenga, akawaachia wasomaji wajenge.

Wakajenga. Kutoka Tyler, Texas, Dick Whipple na John Arnold walituma yao, ikiwa imeandikwa namba kwa namba. Ili kuichapisha na nyingine zilizotarajiwa, Albrecht na Allison walianzisha jarida waliloliona la matoleo machache tu. Wakaunganisha majina yao, Dennis na Bob, likapatikana jina Dobb. Toleo la kwanza la Dr. Dobb's Journal lilitoka Januari 1976, na jarida la matoleo machache likaishi zaidi ya miaka 30. Mhariri wake, Jim Warren, aliandika mwaka huo kwamba programu ikiwa bure, au ya bei ndogo kiasi kwamba kuilipia ni rahisi kuliko kuinakili, haitaibiwa. Mwingine aliyejenga, Tom Pittman, alilijaribu wazo hilo sokoni, akauza BASIC yake kwa dola 5.

Kati ya zote, ninayoipenda ni ya Li-Chen Wang, iliyojulikana kama Palo Alto Tiny BASIC. Ilitosha ndani ya kilobaiti mbili. Juu kabisa ya programu, mahali ambapo waandishi huweka onyo la hakimiliki, Wang aliyageuza maneno ya wanasheria: penye haki zote kuhifadhiwa aliandika makosa yote yamehifadhiwa, na katika neno la Kiingereza la hakimiliki, copyright, sehemu inayomaanisha pia kulia akaifanya ya kushoto, likawa copyleft. Kisha akaacha kila mstari wazi, wenye maelezo, asomaye ajifunze.

Wakati huo klabu ilikuwa imehamia ukumbi wa SLAC, kituo cha utafiti wa fizikia cha Stanford, na mamia ya watu walikuwa wakihudhuria. Lee Felsenstein, aliyekuja usiku wa kwanza kutoka Berkeley pamoja na Bob Marsh, ndiye aliyeongoza vikao, akiwa na fimbo ndefu mkononi. Utaratibu wake ulikuwa mwepesi. Kwanza, yeyote mwenye swali, habari au kipuri anainua mkono, fimbo inamwelekea, anasema kwa kifupi, mwenye jibu anajitokeza. Baada ya hapo viti vinaachwa na kila mmoja anamtafuta yule aliyemsikia. Hizo zilikuwa kadi za Moore zilizopata miguu. Moore mwenyewe alikuwa amekwisha jitoa kabla mwaka 1975 haujaisha, huku biashara zikichipuka kila pembe ya ukumbi.

Kwenye viti vya nyuma aliketi kijana mwenye haya wa Hewlett-Packard, Steve Wozniak, aliyeletwa usiku wa kwanza na rafiki yake na hakuwa na ujasiri wa kusimama kuzungumza. Alizungumza kwa michoro. Alitengeneza kompyuta ya chipu chache, akagawa nakala za michoro yake kwa aliyetaka, na kwa kuwa hakuwa na pesa ya kukodi kompyuta kubwa, aliandika BASIC yake kwa kalamu katika daftari, akitafsiri mwenyewe kila agizo kuwa namba. Kompyuta hiyo ndiyo iliyouzwa mwaka 1976 kwa jina la Apple I.

BASIC ya Wang nayo ilisafiri. Mwaka 1977 maduka ya Radio Shack yalianza kuuza TRS-80 kwa takribani dola 600, na lugha iliyokuwa ndani yake ilikuwa imekuzwa kutoka katika kurasa za Wang. Hazikupita siku nyingi, wateja walipotaka desimali zaidi na maagizo zaidi, Radio Shack ilinunua BASIC kubwa kutoka kampuni ya Gates. Apple ikafanya vivyo hivyo. Safari hii kanda haikuzunguka chumbani. Lugha ilikuja imechomwa ndani ya chipu, na bei yake imo katika bei ya mashine.

Klabu iliendelea kukutana hadi Desemba 1986.