Mguu wa mama chapati na mguu wa Marius

Leo siasa zipumzike.

Pale Goba Njia Nne kuna mama anauza chapati. Anasimama jikoni tangu alfajiri. Juzi nilimwamkia, nikaona mishipa ya mguu imetutumka na kujisokota, na juu ya kifundo, upande wa ndani, ngozi imekuwa nyeusi. "Damu chafu hiyo mwanangu. Kuna mzee ataniumika." Kuumika, kwa mliokulia ghorofani, ni kuchanjwa na kunyonywa damu kwa pembe.

Nikaenda kusoma. Kumbe ugonjwa huu umewasumbua hata wakubwa. Plutarch anasimulia kwamba Gaius Marius, jenerali wa Roma, alikuwa nao miguu yote miwili. Alikataa kufungwa kamba, akanyoosha mguu mmoja ukakatwa, akanyamaza kimya. Daktari alipogeukia wa pili, akakataa: nafuu haikulingana na maumivu. Mwanaume alipigana vita vingapi yule!

Tatizo walikata bila kujua kilichoharibika. Mwaka 1603 Fabricius wa Padua alichapisha kitabu kuhusu vilango vilivyomo ndani ya vena, na mwaka 1628 mwanafunzi wake William Harvey akavitumia kuonyesha kwamba damu inazunguka mwilini. Vilango hivyo huruhusu damu ipande kwenda moyoni na kuizuia isirudi. Vikilegea, kwa kurithi, mimba, uzito au kusimama kutwa, damu inatuama na mshipa unatanuka. Uchafu haumo. Ukiinyonya kwa pembe, kilango kinabaki kibovu vilevile.

Kuanzia hapo tiba ikapata shabaha. Mwishoni mwa karne ya 19 Mjerumani Trendelenburg aliufunga mshipa mkubwa pajani. Mwaka 1907 Babcock wa Marekani akapitisha waya mrefu ndani yake na kuung'oa, na mtindo huo ulitawala karibu karne nzima. Kisha ikaja leza: mshipa unazibwa kwa joto kutoka ndani, mgonjwa anarudi kwake siku hiyo hiyo. Mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2013 unaweka joto kwanza, pili sindano ya povu la dawa, upasuaji wa tatu. Kabla ya yote ni kipimo cha ultrasaundi, maana vena za ndani zaidi ndizo zitakazobeba damu hiyo.

Kwetu, Muhimbili walianza mwaka 2018 kufundisha madaktari tiba za kupitia mishipa kwa kuongozwa na picha.

Jana nikarudi kwa mama. Nikamwambia huo weusi ndio unaonitisha, kidonda kikifumuka hapo kinaweza kukaa miaka.

"Na chapati atapika nani?"

Tumekubaliana Jumatatu binti yake atashika jiko, sisi tuwahi daladala ya kwanza. Mzee wa pembe ameambiwa asubiri.