Winchester 1897: usalama wa kufyatua

Winchester 1897 ni bunduki ya marisau ya kukoki kwa mkono, iliyobuniwa na John Browning na kutengenezwa Marekani kuanzia 1897 hadi 1957. Zilitoka zaidi ya milioni moja, na nyingi bado zinapiga. Mtangulizi wake, ya 1893, iliundwa kwa baruti nyeusi. Baruti isiyo na moshi ilipoenea, kampuni iliwataka wenye nayo wairudishe wapewe ya 1897. Ya 1893 ikipatikana leo, ibaki ukutani.

Hatari kubwa imejificha ndani ya chemba. Risasi ya kawaida ya sasa ya geji 16 huandikwa milimita 70, lakini huo ni urefu wa ganda lililokwisha kufyatuliwa. Kabla ya hapo mdomo wake umekunjwa kwa ndani, hivyo huingia bila kukwama hata katika chemba za zamani za geji hiyo, zenye milimita 65 hivi. Baruti ikiwaka, mkunjo hufunguka na kukosa nafasi, hubana njia ya marisau, na shinikizo hupanda. Risasi kuingia, basi, si ushahidi kwamba ni ya bunduki hiyo. Chemba ipimwe na fundi wa silaha, ambaye pia atatazama kama mtutu una ufa, kutu au mbonyeo. Mng'ao wa nje hausemi lolote. Marisau ya chuma nayo hayafai mitutu hii: hayabonyei kama ya madini ya risasi yanapopita kwenye mdomo uliobanwa.

Nyundo iko nje, na kinga pekee ya mkono ni pale inapokaa nusu. Pengo linaloishika hapo likilika kwa miaka, nyundo huweza kuchomoka. Kuishusha kwa kidole gumba juu ya risasi hai ni jambo la kuepuka kabisa, hasa mikono ikiwa na jasho. Tena, ukishikilia kifyatulio huku unakoki, bunduki hufyatuka papo hapo chemba inapojifunga, na wasioijua hushtukizwa.

Risasi kuukuu huweza kuchelewa kuwaka. Nyundo ikigonga pasipo mlio, mtutu ubaki umeelekezwa pasipo na mtu, na chemba isifunguliwe kwa angalau nusu dakika.