Kipasha neva, si kisafirishi

Kamati moja ya istilahi imeamua kwamba kemikali za ubongo kama dopamini ziitwe "visafirishi neva". Yaelekea kikao kilikuwa na haraka ya chai. Kusafirisha ni kuhamisha mzigo, na dopamini haina mzigo inaoubeba. Ndani ya neva habari hupita kwa umeme. Ikifika ukingoni, penye upenyo wa sinapsi wa nanomita 20 hivi, dopamini humwagwa, ikanasa kwenye vipokezi vya neva ya pili, kisha ikaachia. Neva ile imepata habari. Basi.

Kutokana na pata tunapata pasha, kama vile pita inavyozaa pisha, na anayepewa habari ndiye anayetajwa mara baada ya kitenzi: umempasha Juma. Ndiyo maana mwandishi wa makala haya alipendekeza "kipasha neva", kwa mkondo uleule wa kipaza sauti na kifungua kinywa. Alijibiwa, kwa maandishi, kwamba neno hilo linanuka kiporo kilichopashwa moto. Mjibu huyo, pamoja na shahada zake, hajapata kuketi kwenye taarabu. Mpasho huimbwa ukumbi mzima ukisikia, lakini humchoma mwenye pa kuchomwa. Wengine wanaendelea kutuza. Dopamini nayo humwagwa hadharani, ikampasha mwenye kipokezi.

Uzito wa ubishi huu uko kwenye ugonjwa wa akili uitwao skizofrenia. Mwaka 1963, huko Sweden, Arvid Carlsson na Margit Lindqvist waliwapa panya kloropromazini na haloperidoli, dawa za ugonjwa huo, wakaona mabaki ya kemikali za jamii ya dopamini yakiongezeka, wakashuku kwamba dawa hizo huziba vipokezi. Miaka ya 1970 Philip Seeman wa Toronto alipima mshiko wenyewe, na hesabu yake ililingana na kile ambacho muuguzi yeyote wa wodi ya akili hukishika mkononi: haloperidoli, inayong'ang'ania kipokezi, hutosha kwa miligramu chache, kloropromazini, yenye mshiko hafifu, huhitaji mamia.

Anayeongozwa na "kisafirishi" atahitimisha upesi kwamba mgonjwa amezidiwa shehena: apunguziwe, apone. Mambo hayakwenda hivyo. Klozapini hukishika kipokezi hichohicho kwa ulegevu, ilhali utafiti wa 1988 ulionyesha kwamba inawasaidia walioshindikana kwa dawa nyingine. Ketamini, inayoziba vipokezi vya glutamati, huweza kumletea mtu mzima wa afya dalili zinazofanana na za ugonjwa huu. Na Septemba 2024 Marekani iliidhinisha zanomelini pamoja na trospiamu, dawa isiyoziba vipokezi vya dopamini hata kidogo.

Dopamini haikufukuzwa ukumbini, hata hivyo. Mwaka 2003 Shitij Kapur alieleza kwamba kazi yake mojawapo ni kuvipa vitu umuhimu. Ikifyatuka ovyo, jambo la kawaida huanza kuonekana zito. Mgonjwa anasikiliza taarifa ya habari redioni, anashika kwamba ametajwa yeye. Amepashwa, na hakuna aliyempasha. Kwa lugha ya shehena, mtu huyu hawezi kuelezwa.

Matumizi ni mepesi: kipasha neva, vipasha neva, ngeli ya ki-vi, dopamini, serotonini, glutamati na asetilikolini zote zimo. Kinachozipokea ni kipokezi, neno ambalo, kwa bahati, kamati haikulifikia kabla ya chai.