Vyombo Vikongwe na Warithi Wake Katika Bukoba

Mapenzi ya kutunza vyombo vya kale vya usafiri yana sura mbili katika Afrika ya Mashariki. Ya kwanza ni ya Nairobi, ambako tangu mwaka 1970 wenye magari wamekuwa wakishindana kwa unadhifu wa magari yao katika maonyesho ya Concours d'Elegance, na ambako mwaka 2003 yalianza mashindano ya East African Safari Classic, ili magari ya zamani yakumbuke mbio zilizoasisiwa mwaka 1953. Huo ni mchezo wa wenye nafasi, wala hapana ubaya ndani yake. Sura ya pili ni ya Bukoba. Mtu wa Bilele, au wa Muleba upande wa kusini, hakutunza chombo kikongwe ili kitazamwe. Alikitunza kwa kuwa hakuwa na kingine.

Mfano mkubwa ni meli ya Victoria. Iliundwa na kampuni ya Yarrow huko Glasgow, ikafumuliwa, ikaletwa Kisumu vipande vipande na kuunganishwa upya, ikaanza kazi ziwani mwaka 1961. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, meli hiyo ikawa fungu la Tanzania. Kwa miaka mingi ilisafiri usiku kati ya Bukoba na Mwanza, ikibeba abiria na ndizi.

Yasemwayo juu ya hatari ya vyombo vya kale yafaa yapimwe kwa habari ya meli nyingine. Mv Bukoba iliundwa mwaka 1979. Kwa hiyo ilikuwa mdogo wake Victoria kwa miaka 18 hivi ya kazi. Nayo ndiyo iliyopinduka karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996, ikiwa imepakia watu kupita kiasi, wakafa mamia. Yule mkubwa akabaki. Ni dhahiri, basi, kwamba umri peke yake si kosa la chombo. Lililo kubwa ni jinsi kilivyoundwa, jinsi kinavyopakiwa, na mkono wa wanaokihudumia.

Victoria ilisimama miaka kadhaa, ikakarabatiwa na kampuni ya Korea ya Kusini, ikatiwa mitambo mipya na kurudi Bukoba mwaka 2020. Mpenda magari wa Nairobi pengine angenung'unika kwamba chombo kilichobadilishwa moyo si kile cha awali tena. Katika Bukoba swali hilo halikuwa na uzito: meli ilirudi, basi.

Lakini hapo ndipo jambo la vijana linapokuwa gumu. Zamani kijana alianza kwa kuwa utingo wa lori, akimshikia fundi spana, akijifunza kwa sikio ni plagi ipi imekufa na kabureta ipi imeziba. Magari yaliyotumika yatokayo Japani yana mifumo ya umeme ambayo ugonjwa wake husomwa kwa kompyuta. Kijana wa leo si mjinga kuliko baba yake, kama wazee wapendavyo kusema. Ni msomi wa kitabu kingine.

Tena njia zimebadilika. Barabara ya lami kupitia Biharamulo na Geita, pamoja na daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa mwezi Juni 2025, humfikisha msafiri Mwanza kwa basi bila kungoja kivuko. Victoria haikuwa tena njia ya lazima, bali ya hiari. Na chombo kikiisha kuwa cha hiari, hakidumu ila kwa mapenzi; yaani Bukoba nayo imeifikia sura ile ya Nairobi, ingawa bila fedha zake. Mapenzi hayo vijana hawatayapata kwa kuambiwa kwamba meli ni ya kale. Watayapata wakiruhusiwa kushuka katika chumba cha mitambo wangali wadogo, wakati mafundi waliohudumu tangu siku za Jumuiya wangaliko kuwaeleza, kwa maana sehemu kubwa ya elimu ile imo vichwani mwao, na wengi wao wamekwisha kustaafu.