Munganga Catherine Kyobutungi na afya ya wazee wa mitaa maskini

Catherine Kyobutungi ni munganga na mtafiti wa Uganda, inchi jirani yetu. Alisoma uganga Makerere, Kampala, kisha akafanya doktora Heidelberg, Ujerumani. Tangu 2006 anatumika Nairobi katika APHRC, kituo kinachochunguza hali ya watu na afya Afrika. Tangu 2017 ndiye anakiongoza.

Katika Korogocho na Viwandani, mitaa miwili maskini ya Nairobi, kituo hicho kilianza miaka ya 2000 kupita nyumba kwa nyumba, kuandika nani amezaliwa, nani amehama, nani amekufa na juu ya nini. Mwaka 2010, Kyobutungi na wenzake walitoa uchunguzi juu ya wakaaji wa miaka 50 na zaidi. Wanawake walisema afya yao ni mbaya kuliko ya wanaume.

Kongo ilihesabu watu wote mara ya mwisho 1984. Wakati wa Ebola, 2018 mpaka 2020, Butembo na Beni kila mgonjwa alitafutwa na kuandikwa. Mzee wa sukari ao wa damu kupanda hatafutwi hivyo. Na asiyehesabiwa, dawa yake haiingie kwenye bajeti.