Kutafuta Kisra Nzuri Oli: Historia ya Chakula Kilichokuja kwa Miguu

Wenzangu wa chuoni hapa Kampala wakitaka kula chakula cha Thailand hufungua simu. Simu huwaonyesha picha, nyota na bei, kisha hupanda boda boda wakaenda. Njia hiyo haifai Oli. Mtu akifika Arua akatafuta kisra nzuri kwa kutazama mabango, atazunguka mtaa mzima na kurudi na njaa, kwa sababu nyumba zinazopika vizuri hazina bango, na nyingine hazina hata jina. Nimezaliwa Oli, na katika insha hii nataka kueleza chakula hicho kilifikaje pale, maana swali la wapi pa kula linatufikisha kwenye swali la nani ana haki ya kuitwa mwenyeji.

Kwanza chakula chenyewe. Kisra ni unga wa mtama uliochachushwa usiku kucha, ukatandazwa mwembamba kama karatasi juu ya bamba la moto. Gurusa ni ndugu yake wa unga wa ngano. Vyote huliwa na mchuzi, na mchuzi ninaoupenda ni ule wa bamia iliyokaushwa na kutwangwa, unaovutika kama uzi kutoka sahanini hadi mdomoni. Jirani ya wapishi hao utakuta enyasa ya Walugbara, samaki wakavu wa angara, na sombe iliyopikwa kwa mawese kama wanavyoipika Wakongo. Yote hayo katika mwendo wa dakika chache kwa miguu.

Chakula cha Thailand kilienea duniani kwa msaada wa serikali. Katika miaka ya 1930 na 1940 utawala wa Phibun ulihimiza tambi za pad thai ziwe chakula cha taifa, na mwaka 2002 serikali ya nchi hiyo ilianzisha mpango wa kuongeza migahawa ya Kithai katika nchi za nje. Kisra haikupata waziri wa kuitetea. Ilibebwa na wanawake waliotembea nyuma ya jeshi.

Jeshi hilo lilikuwa la Emin Pasha, gavana wa jimbo la Equatoria, ambaye makao yake kwa muda yalikuwa Wadelai, kando ya Nile, ndani ya West Nile ya leo. Emin aliondoka mwaka 1889 pamoja na Stanley, na askari wengi wakabaki nyuma chini ya Selim Bey. Mwaka 1891 Kapteni Lugard aliwakuta Kavalli, karibu na Ziwa Albert, akawachukua wamtumikie Mwingereza Uganda. Vitabu tunavyosoma husimulia sana juu ya bunduki zao, na juu ya uasi wao wa mwaka 1897. Lakini askari walikuwa mamia tu. Waliofuatana nao, wake, watoto na watumishi, walikuwa maelfu. Nikisoma habari za msafara huo huwa najiuliza kila jioni nani alisaga nafaka, na kwa jiwe la nani. Hapo ndipo mapishi yetu yalipovuka, na mwandishi wa safari hakuona sababu ya kuyaandika.

Jambo hili lina uzito kwangu. Bwenini niliwahi kuulizwa na mwenzangu, kwa upole kabisa, "Nyinyi Wanubi mlitoka Sudan, sasa mtarudi lini?" Sikukasirika, ila nilitaka kumjibu kwa historia. Askari wa Emin hawakutoka nchi moja ya mbali. Wengi walichukuliwa kutoka kwa Wamakaraka, Wabari, Wamoru, Wakakwa, Walugbara na wengine wa pande hizi hizi, wakaunganishwa na Uislamu, kambi na Kiarabu chao cha kambini ambacho leo ni Kinubi. Anayewaambia warudi kwao inambidi aonyeshe njia inayopita Koboko. Katiba ya mwaka 1995 yenyewe inawataja Wanubi miongoni mwa jamii zilizokuwepo nchini tarehe 1 Februari 1926.

Hata mipaka ilihama kuliko watu. Eneo la Lado lilikuwa mikononi mwa Mfalme Leopold wa Ubelgiji mpaka alipofariki Desemba 1909. Mwaka 1910 likaenda Sudan, na mwaka 1914 sehemu yake ya kusini ikaingizwa Uganda. Mwaka huo huo mkuu wa wilaya Weatherhead alianzisha boma la Arua. Mama aliyekuwa anakoroga chungu chake mahali pamoja angeweza kupikia chini ya bendera tatu bila kuhamisha mafiga. Boma lilileta polisi, makarani, wachuuzi na Wahindi wenye maduka, na pamoja nao chai ya maziwa na chapati. Lugha ya jeshi la King's African Rifles ilikuwa Kiswahili, na vijana wengi wa West Nile waliingia jeshini. Kwa hiyo Kiswahili ninachoandikia hapa kilifika kwetu kimevaa buti, jambo ambalo Waganda wa kusini hawajatusamehe bado.

Mwaka 1972 Amin aliwafukuza Wahindi. Mwaka 1979 yeye mwenyewe akaangushwa, na sisi tuliozaliwa upande wake tukalipa. Mauaji ya Ombaci ya Juni 1981, katika misheni iliyo nje kidogo ya Arua, yanajulikana. Mamia ya maelfu ya watu wa West Nile walikimbilia Zaire na Sudan. Habuba yangu alikimbilia upande wa Zaire na binti zake wawili na sufuria moja. Huko alijifunza kupika sombe, na aliporudi katika miaka ya 1980 alirudi nayo. Ukimwuliza kama sombe ni chakula cha Wakongo, hujibu kwamba ni chakula cha mwaka ule.

Kisha msafara ukageuka. Vita vya Sudan Kusini vya mwaka 2013, na zaidi vile vya mwaka 2016, vilileta wakimbizi kwa wingi hadi kambi ya Bidi Bidi huko Yumbe ikawa miongoni mwa makubwa kabisa duniani. Wengine walipanga nyumba mjini Arua. Kwetu Oli kisra ilikuwa imeanza kubaki kwa wazee na siku za harusi, maana vijana tulitaka rolex na chipsi. Wageni hawa waliitaka kila siku. Wanawake waliojua kuitandaza wakapata wateja, na wasichana wa Juba wakafungua majiko yao kando yao. Kisra ya Juba ni chachu zaidi na nyembamba zaidi, na kwa maoni yangu ni bora. Habuba hataki kusikia maneno hayo.

Sasa, msomaji, ukifika Arua, usiulize hoteli nzuri iko wapi, kwa sababu utaelekezwa kwenye viti vya plastiki na televisheni. Mimi nilipomwuliza habuba kisra nzuri iko wapi siku hizi, alinijibu, "Mwanangu, unatafuta kisra au unatafuta kiti?" Waulize madereva wa malori yanayokwenda Oraba na Juba, kwani hao hula mapema na hawana subira na chakula kibaya. Ijumaa, baada ya sala, angalia watoto wanatumwa na sahani upande gani. Ukikaribia utasikia harufu ya unga uliochacha kabla hujaona moshi. Piga hodi, salimia vizuri kwanza, kaa kwenye mkeka. Na uende asubuhi; kwenye saa nne huwa imekwisha.